Wateja 10 Wenye Masharti: Chachu za Maabara na Sahani Zao

Hamira unayoikoroga kwenye unga wa maandazi ni fundi wa kupika kuliko wewe. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Mpe sukari, madini, amonia kidogo na vitamini chache, naye atajitengenezea asidi amino zote 20 zinazojenga protini. Wewe na mimi hatuwezi. Kuna 9 ambazo lazima tuzile zikiwa tayari, kwenye maharage, dagaa, mayai au maziwa. Kwa hiyo kabla hatujaanza kuwatania wateja wa leo, tukubaliane: nasi tumo kwenye foleni, bakuli mkononi.

Orodha hii ni ya chachu walioharibikiwa jeni moja au zaidi, wakapoteza uwezo wa kupika kitu fulani ndani ya seli. Maabara huwaandalia vyakula vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni YPD, shibe kamili: kwa lita moja ya maji weka gramu 10 za dondoo ya chachu, gramu 20 za peptoni, gramu 20 za glukosi, na gramu 20 za agari ili kigande. Hapo hula karibu kila mtu, mzima na mgonjwa. Cha pili ni SD, chakula cha kubana: gramu 20 za glukosi na gramu 6.7 za unga wenye madini, nitrojeni na vitamini, basi. Hapo mzima anaota, mgonjwa anabaki anakutazama. Katikati kuna sahani za "toa kimoja": kila kitu kimo isipokuwa lusini, au histidini, au yurasili.

Utamjuaje anayekosa nini? Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walionyesha njia, wakitumia bakteria. Unagandamiza sahani yenye koloni, yaani vishungi vya seli, juu ya kitambaa cha mahameli kilichotakaswa, kisha unagandamiza sahani mpya juu ya kitambaa hichohicho. Kila koloni inanakiliwa mahali pake. Asiyeota kwenye sahani isiyo na lusini amejitaja mwenyewe. Mahameli haikuumbwa kwa ajili ya makochi ya sebuleni peke yake!

Neno moja la maandishi: jeni nzima huandikwa kwa herufi kubwa, LEU2, iliyoharibika kwa herufi ndogo, leu2. Tunahesabu kutoka 10 kurudi 1, na kigezo ni kimoja: njaa ya nani imetufundisha zaidi. Karibuni bandani.

10. Mzima mwenye siri: bayotini

Tuanze na anayejiita mzima. Mwaka 1901, mjini Leuven, Ubelgiji, mtafiti Wildiers alitia chachu wachache sana ndani ya maji ya sukari, madini na amonia. Hawakuota. Alipoongeza mchuzi kidogo uliotokana na chachu wengine, wakachangamka. Kitu hicho kisichojulikana akakiita "bios". Baadaye ikabainika kwamba si kimoja bali ni mchanganyiko, na bayotini imo. Mwaka 1936 Fritz Kögl na Benno Tönnis waliipata ikiwa safi: walichakata kilo 250 za viini vikavu vya mayai ya bata, wakaambulia miligramu 1.1. Anayelalamika kwamba viungo vya pilau vimepanda bei aende akazungumze na Kögl!

Leo unga wa SD una mikrogramu 2 za bayotini kwa lita, na hiyo inawatosha. Ndugu zao wachache, wale wa kutengenezea sake huko Japani, hujipikia bayotini wenyewe. Kila ukoo una mmoja anayejitegemea.

9. Mwenye kufuli mbili: leu2

Huyu hawezi kukamilisha lusini. Aina yake inayopendwa sana maabara ina hitilafu mbili ndani ya jeni hiyohiyo. Kwa nini mbili? Kwa sababu hitilafu moja inaweza kujirekebisha kwa bahati, mgonjwa akapona bila daktari, nawe ukashangilia jaribio ambalo halikufaulu. Mbili kupona kwa pamoja ni nadra mno. Mwizi akifungua kufuli ya kwanza, ya pili inamsubiri.

Ndiyo maana mwaka 1978 Albert Hinnen, James Hicks na Gerald Fink, wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walimchagua huyu. Walimpa DNA yenye LEU2 nzima, kisha wakamweka kwenye sahani isiyo na lusini. Waliopokea jeni wakaota. Wasiopokea wakabaki na njaa. Tangu hapo kuingiza jeni ndani ya chachu kukawa kazi inayowezekana. Mlinzi wa mlango alikuwa njaa, na njaa haipokei hongo.

8. Aliyempikia jirani: his3

Mwaka 1976 Kevin Struhl, John Cameron na Ronald Davis wa Stanford walichukua bakteria asiyeweza kutengeneza histidini, wakamwingizia vipande vya DNA ya chachu. Kipande kimoja kilimwezesha kuota bila histidini. Ndani yake mlikuwa na HIS3. Jeni ya chachu ilikuwa imeingia jikoni kwa bakteria na kuwasha moto, bila kuuliza chumvi iko wapi. Hapo ilidhihirika kwamba jeni ya kiumbe chenye kiini inaweza kufanya kazi ndani ya bakteria.

Huyu ana jambo jingine zuri. Ukitaka kujua HIS3 inafanya kazi kwa nguvu kiasi gani, unaongeza kwenye sahani 3-aminotriazoli, kemikali inayoziba kimeng'enya chake. Mwenye kimeng'enya kidogo anakwama. Mwenye kingi anaendelea kuota. Ni kumnyang'anya mpishi sufuria moja baada ya nyingine: mwenye mbili anafunga jiko, mwenye kumi anaendelea kupakua.

7. Asiyependa baridi: trp1

Huyu hawezi kujipikia triptofani, na triptofani yenyewe ina madeko. Wapishi wa media, yaani vyakula hivi vya maabara, huichuja badala ya kuichemsha, huiongeza mwishoni, na huihifadhi gizani. Ukiivunja kasini ya maziwa kwa asidi unapata karibu asidi amino zote, ila triptofani huangamia humohumo. Maabara wakaigeuza hasara hiyo kuwa faida: unga huo wa kasini ukawa chakula cha "toa triptofani" kilicho tayari, cha kumchagua mwenye TRP1.

Chachu wa trp1 naye hudorora kwenye baridi hata ukimwekea triptofani mezani, kwa sababu uwezo wake wa kuivuta ndani hupungua. Hapa wengi wamejikwaa. Umeharibu jeni fulani, chachu wako anashindwa kuota kwenye baridi, unaanza kuandika ripoti kwamba jeni hiyo ni ya kuhimili baridi. Taratibu! Mrudishie TRP1 kwanza uone. Pengine mteja hana ugonjwa mpya, mkono wake tu umekufa ganzi na kijiko kimemshinda.

6. Wanandoa: met15 na lys2

Kutana na BY4741 na BY4742, jozi maarufu iliyotangazwa mwaka 1998. Wote wawili hawana HIS3, LEU2 wala URA3 nzima. Hapo wamefanana kama pacha. Tofauti ni hii: BY4741, wa jinsia a, hana MET15 na hudai methionini. BY4742, wa jinsia alfa, hana LYS2 na hudai lisini. Kila mmoja mweke peke yake kwenye sahani isiyo na methionini wala lisini: hakuna kitu. Sasa wachanganye kwanza kwenye YPD, wape saa chache za faragha, kisha hamishia mchanganyiko kwenye sahani ileile. Siku ya pili au ya tatu unaona koloni. Seli iliyozaliwa imebeba jeni za pande zote, LYS2 ya huyu na MET15 ya yule, na haidai chochote kati ya viwili hivyo.

Umewahi kuona jambo hili, tena kila wiki. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yana upungufu wa methionini. Lisini ya maharage hufidia ugali, methionini ya mahindi hufidia maharage. Bibi zetu walifungisha ndoa hii sufuriani bila kungoja mtu wa maabara.

Bwana met15 ana habari zaidi. Ukimwotesha kwenye chakula chenye madini ya risasi anageuka mweusi, kwa sababu gesi ya salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, humjaa na kuungana na risasi. Kwa miongo mingi vitabu vilisema hawezi kabisa kuishi bila methionini au ndugu zake. Mwaka 2022 watafiti wakaonyesha kwamba gesi hiyo ikiondolewa, anaota. Jiko lilikuwepo siku zote. Moshi ndio uliomfukuza.

5. Asiyejua kusimama: ino1

Wateja wengi wakikosa kitu husimama wakangoja. Huyu hasimami. Akikosa inositoli, kiungo cha mafuta ya utando asichoweza kujipikia, seli inaendelea kutengeneza protini na kujijaza, lakini utando wa nje hauna mafuta ya kutosha kujitanua. Inakufa. Ni mtu anayezidi kununua makabati na vitanda ilhali chumba ni kilekile, mpaka ukuta unapasuka.

Susan Henry na Michael Culbertson walimweleza mwaka 1975, na papo hapo wakaona manufaa yake. Wachukue chachu wa ino1 wengi, uwanyime inositoli. Wanaokua wanakufa. Lakini kama ndani yao yupo aliyepata hitilafu nyingine na akasimama kukua kwa sababu hiyo, huyo anasalimika. Kwa hiyo unavuna wagonjwa wapya kwa kuwaacha wenye afya wajimalize. Mara hii, mvivu ndiye aliyeokoka.

4. Mdogo wa umbo: petite

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Boris Ephrussi na wenzake mjini Paris waliona kwamba kwenye sahani za chachu hujitokeza koloni ndogondogo, nazo zikipandikizwa huzaa ndogo vilevile. Wakaziita petite, neno la Kifaransa la "ndogo". Shida yao iko kwenye mitokondria: hawawezi kupumua kwa oksijeni.

Kwenye glukosi wanaishi, kwa kuwa kuchachua sukari hakuhitaji pumzi. Waweke kwenye glisaroli, chakula kisichochachuka, uone: sahani nyeupe tupu. Hitilafu yenyewe mara nyingi haipo kwenye kiini cha seli, ipo kwenye DNA ya mitokondria, na hii ilikuwa mojawapo ya dalili za mwanzo kwamba urithi una makao nje ya kiini. Hujitokeza bila kuitwa, katika baadhi ya aina karibu seli 1 kwa kila 100. Ndiyo maana maabara makini hupitisha chachu kwenye glisaroli kabla ya kumgandisha kwa akiba. Ukimgandisha bila kumkagua, umeweka gunia la mahindi ghalani bila kuangalia dumuzi.

3. Aliyeleta Nobel kwa njaa: chachu wa Ohsumi

Yoshinori Ohsumi, akiwa Chuo Kikuu cha Tokyo, alichagua chachu wasio na vimeng'enya vya kumeng'enyea protini ndani ya vakuoli, lile shimo la taka la seli. Akawaweka kwenye chakula kisicho na nitrojeni hata chembe. Baada ya saa chache, kwa darubini ya kawaida ya mwanga, akaona vakuoli zimejaa vifuko vidogo vinavyochezacheza. Seli zilikuwa zimeanza kujila: zilifunga vipande vyao wenyewe kwenye vifuko na kuvipeleka vikavunjwe, lakini mvunjaji hakuwepo, kwa hiyo mzigo ukarundikana mlangoni na kuonekana.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Mwaka uliofuata yeye na Miki Tsukada wakatangaza kundi la chachu walioshindwa kujila, ambao kwenye njaa ya nitrojeni hufa upesi kuliko wengine. Mwenye busara wakati wa kiangazi huvunja kabati bovu apate kuni. Hawa hawakuwa na shoka. Jeni hizo zina wenzao ndani ya miili yetu, na mwaka 2016 Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

2. Bibi harusi: ade2

Yeyote aliyemwotesha huyu hawezi kumsahau. Siku ya pili kwenye YPD koloni ni za rangi ya maziwa. Siku ya tatu zinaingia uwaridi. Ziache mezani, kisha uzitie kwenye friji siku chache, utakuta zimekolea wekundu wa hina kwenye kiganja cha bibi harusi. Hakuna aliyepaka kitu.

Sababu ni ya jikoni. Ili kutengeneza adenini seli hupitia hatua nyingi, na ADE2 inashika mojawapo. Hatua hiyo ikikwama, kiungo cha kabla yake hurundikana, huingizwa kwenye vakuoli, na huko hewa ya oksijeni hukigeuza kuwa rangi nyekundu. Ni vitunguu vilivyoachwa motoni kwa kuwa nyanya hazijafika. Mwongezee adenini nyingi kwenye chakula, naye anabaki mweupe, kwa sababu seli ikishiba adenini hulizima jiko zima tangu mwanzo.

Utamu zaidi: ade2 akiwa pia petite, yule wa namba 4, hawi mwekundu hata kwenye YPD. Bila kupumua, rangi haikolei. Kwa hiyo kwenye sahani moja, bila kipimo chochote cha bei, unasoma kwa macho hali ya jeni na hali ya mitokondria. Koloni nyekundu yenye kipande cheupe kama kipande cha keki inakwambia kwamba hapo, kizazi fulani, seli moja ilibadilika.

1. Mfalme wa wenye masharti: ura3

Kimeng'enya cha URA3 hukamilisha kiungo ambacho seli huhitaji kwa RNA na DNA. Kazi yake ikiachwa ijiendee bila kimeng'enya, nusu yake ingechukua takriban miaka milioni 78. Kimeng'enya huifanya mara nyingi kila sekunde. Ukikikosa huna wa kumngojea: weka yurasili mezani au mteja haoti.

Mpaka hapo ni sawa na wengine. Kinachompa taji ni dawa iitwayo 5-FOA. Mwaka 1984 Jef Boeke, François Lacroute na Gerald Fink, ndiyo, Fink yuleyule wa namba 9, walieleza namna ya kuitumia. Yenyewe haina madhara makubwa kwa seli. Lakini mwenye URA3 nzima huichukua, akaipika kwa bidii zake zote, ikageuka sumu inayomuua. Asiye na URA3 haipiki, kwa hiyo anaishi, mradi umempa yurasili. Sahani ya kawaida ina gramu 1 ya 5-FOA na miligramu 50 za yurasili kwa lita.

Angalia kilichotokea. Kwenye sahani isiyo na yurasili unamchagua mwenye jeni. Kwenye sahani ya 5-FOA unamchagua asiye nayo. Unaweza kuingiza jeni, ukaiondoa, ukaingiza nyingine mahali pake, na kila hatua sahani yenyewe inakuchambulia. Wapo wengine wa tabia hii, kama lys2, anayeweza kula alfa-aminoadipati inayomshinda mzima. Lakini ura3 ndiye anayetumika zaidi, na taji ni lake. Mchapakazi amekufa kwa uchapakazi wake, na mgonjwa amebaki kuzika. Ni sahani adimu ambapo kutojua kupika kumemwokoa mtu!

Neno kwa mpishi mwenzangu

Lusini, histidini, triptofani, methionini, lisini: zote tano za orodha hii hata mwili wako hauzitengenezi. Chachu hawa wametuonyesha, kwa njaa iliyo wazi kwenye sahani ya sentimita 10, jambo ambalo kwa binadamu lingehitaji miaka na mateso kulijua.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayefungua inkubeta ya nyuzi 30 ukakuta sahani haina kitu, usikimbilie pipa la taka. Soma jina la chachu wako, herufi ndogo kwa herufi ndogo, kisha uulize ni kipi hukumwekea. Kila mara otesha na sahani ya pili yenye kitu hicho kimoja, ili ujue kama mteja ana njaa au amekufa. Na andika aina ya media kwenye kitako cha sahani, si kwenye kifuniko: vifuniko hubadilishana.